Je, wajua kwa nini boti ya injini inatema maji kwa nyuma?

Ukikodi boti pale Msasani, Dar, kwenda kisiwa cha Mbudya au Bongoyo wikiendi, angalia nahodha akishawasha injini, haondoki, anaenda kwanza nyuma anainama anachungulia. Abiria nao wakichungulia wanaona maji yanatoka kwa fujo pamoja na moshi, mtu anaanza kuuliza jamani hii boti haijatoboka kweli? Haijatoboka. Siku maji hayatoki ndo uogope.

Iko hivi. Gari inapoozwa na rejeta, upepo unapita pale mbele unaondoka na joto. Injini ya boti imefungiwa chini sakafuni, upepo huo haina, kwahiyo inatumia bahari. Kuna tundu chini ya boti lenye valvu, pampu inavuta maji ya chumvi yanapita kwenye chujio, yanafika mahali yanapopishana na kulanti, yale maji ya kupoozea yanayozunguka ndani ya injini, bila kuchanganyika nayo, yanabeba joto lake, halafu yanamwagwa ndani ya bomba la moshi ndo yanatoka nje. Hapo mwisho wengi hawapajui, maji hayatupwi tu, yanaupooza na moshi wenyewe, maana moshi unatoka kwenye injini na mamia ya nyuzi joto na kwenye yoti nyingi sehemu kubwa ya bomba hilo ni mpira. Maji yakikatika, mpira unaungua kwa ndani, na moto katikati ya bahari hauna pa kuukimbilia.

Sasa ile pampu ina impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapanga laini, linalainishwa na hayo hayo maji linayoyavuta. Likizunguka kavu halichukui muda linachanika, na vipande vinasafiri vinaziba njia huko mbele, ndo maana fundi anayebadilisha impela bila kutafuta vipande vilivyokatika kaacha kazi nusu.

Na hapa Dar vya kukata maji viko vingi. Mfuko wa plastiki unanasa kwenye tundu, mwani unajaa kwenye chujio, au baharia alifunga valvu jana jioni leo kasahau kuifungua. Kuna na mchanga, wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukisogelea ufukwe wa kisiwa maji yakiwa yamekupwa panga la kusukuma boti (propela) linatibua chini, pampu inavuta mchanga, impela inalika taratibu. Kwahiyo kuchungulia mara moja asubuhi hakutoshi, kila injini inapowashwa nahodha aangalie, na yakianza kutoka kidogo huku mvuke mweupe unaongezeka azime kabla geji ya joto haijapanda. Impela ya akiba iwe ndani ya boti, sio dukani Kariakoo.

Kitu ambacho abiria hawaambiwi, na kinaniuma kwa sababu watoto ndo wanapenda kukaa nyuma: maji yanapooza moshi lakini hayaondoi sumu yake. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, haina rangi wala harufu, inajikusanya pale nyuma kwenye ngazi ya kuogelea, hasa boti ikiwa imesimama na upepo hakuna. Boti kubwa zenye AC zina jenereta pia, na yenyewe inatema maji na moshi kama injini, sasa mnafika Mbudya nanga imeshuka, injini kubwa imezimwa, watu wanajua kumetulia wanaruka majini, kumbe jenereta inaunguruma chini kwa chini ili humo ndani kuwe na ubaridi. Muulizeni nahodha imezimwa au bado, akisema bado subirini aizime ndo ngazi ishushwe, joto la humo ndani litavumilika.