Surua inapofika kwenye ubongo: maswali ya wazazi Kigoma

Upele unafifia lakini homa imerudi. Surua si ndiyo inaisha?

Hapana. Homa ya surua kwa kawaida hushuka siku ya 3 au ya 4 tangu upele utokee usoni na nyuma ya masikio. Ikishuka kisha ikapanda tena, na mtoto akawa analala muda wote, anatapika, analia kichwa, anaropoka au kapata degedege, huenda ubongo umevimba. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua surua, mara nyingi ndani ya wiki 2 baada ya upele. Kinga ya mwili iliyochokozwa na virusi hugeuka na kuushambulia ubongo wenyewe. Baadhi hufariki, wengine hubaki na kifafa, uziwi au kupooza.

Kipimo kimeonyesha ana malaria. Basi si degedege la malaria?

Huenda, na hapa ndipo watu hukosea. Kwetu malaria ni nyingi: mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni bila kuumwa navyo, na kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya dawa. Atibiwe malaria, sawa, ila mwambieni mhudumu upele ulitoka siku gani. Asipoambiwa, atampa dawa ya malaria na kuwaruhusu. Kipimo cha maji ya uti wa mgongo, kinachosaidia kujua kama ubongo umeathirika, hakifanyiki zahanati. Ombeni rufaa ya hospitali ya wilaya au ya Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Degedege likianza nyumbani?

Mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa. Kijiko, maji na dawa visiingie mdomoni; hata parasetamo ya maji, kabla hajaamka vizuri, inaweza kupita njia ya hewa. Homa kali peke yake huleta degedege fupi na mtoto akaamka akimtambua mama. Hata huyo apelekwe. Likizidi dakika 5, au likijirudia kabla hajaamka, msisubiri likome: ondokeni naye kwenda hospitali.

Vitamini A inasaidia nini?

Hulinda macho na kupunguza vifo. Uvimbe wa ubongo haiutibu. Hutolewa dozi mbili, siku surua inapogunduliwa na kesho yake; kila dozi ni yuniti 50,000 chini ya miezi 6, 100,000 miezi 6 hadi 11, 200,000 kuanzia mwaka 1. Macho yakiwa yameathirika, dozi ya tatu hufuata baada ya wiki kadhaa.

Akishapona, yamekwisha?

Karibu wote, ndiyo. Wachache sana, hasa walioambukizwa kabla ya miaka 2, virusi hubaki ubongoni kimya, kisha miaka 7 hadi 10 baadaye mtoto anaanza kushuka darasani, anaangusha vitu, mwili unashtuka-shtuka. Hautibiki, na huua. Chanjo haiuleti ugonjwa huu, huuzuia.

Chanjo lini?

Surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Inayorukwa ni hiyo ya pili, maana kliniki ya kupima uzito wengi wameshaiacha. Kadi ikipotea, nendeni tu. Kuchanjwa tena hakumdhuru.