Breki ya Mkono Haitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kuinua Pikapu za Zamani Zenye Kibanda cha Kulalia

Magari yanayopita mikononi mwangu katika gereji yetu hapa Arusha ni pikapu za zamani, hasa Land Rover 109 na 110, Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, na Hilux, ambazo wenyewe wamezifunga kibanda cha kulalia nyuma kwa ajili ya kukodisha wageni au kusafiri na familia kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Ninapomkabidhi mteja gari lake humuuliza atalizuia vipi likipata pancha njiani, na jibu ninalopewa ni lilelile: “Fundi, navuta breki ya mkono, natia gia, basi.” Jibu hilo linasemwa na madereva wenye uzoefu, linarithiwa na matingo wao, na ndilo linaloangusha magari kutoka kwenye jeki. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, na sasa naona heri nilijibu kwa maandishi.

Dhana: ukivuta breki ya mkono na kutia gia, gari haliwezi kwenda popote.

Ukweli unategemea breki hiyo imefungwa wapi, na wengi wanaoivuta kila siku hawajawahi kuingia uvunguni kuiangalia. Kwenye Land Rover za zamani, kuanzia zile za Series hadi Defender, breki ya mkono haipo kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya gia boksi ndogo, mahali propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) inapoanzia, kwa hiyo unapovuta mkono unachokizuia ni propela. Magurudumu yote yakiwa yamekanyaga ardhi, kuzuia propela kunatosha, kwa sababu magurudumu mawili ya nyuma hayawezi kuzunguka pamoja kuelekea upande mmoja bila kuizungusha propela yenyewe. Mambo hubadilika pale gurudumu moja la nyuma linapoiacha ardhi. Difu ya kawaida, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu ya propela kwa magurudumu, huruhusu magurudumu yake mawili kuzunguka kwa kupishana, na propela ikiwa imesimama kabisa, gurudumu lililo hewani liko huru kuzunguka kinyumenyume huku lile lililobaki chini likizunguka kwenda mbele kwa kasi ileile. Gari linateremka, jeki inalala, na ukikagua breki baadaye utaikuta imeshika sawasawa, kwa sababu muda wote ilikuwa imeshika propela.

Asiyeamini na ajaribu kwenye sakafu tambarare ya gereji. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari mbele na nyuma, inua ekseli ya nyuma yote na kuiweka juu ya stendi mbili, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, kisha shika tairi moja la nyuma na ulizungushe kwa mikono. Litazunguka, na la upande wa pili litazunguka kinyume chake, wakati propela imetulia tuli. Wateja niliowaonyesha jambo hili hawakubishana nami tena, na ningependa kila anayeajiri dereva wa gari la aina hii aanze kwa kumwonyesha hilo kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Gia si ya kutegemea hapo. Kwenye 109 ya Series iliyo kwenye magurudumu mawili, nayo hushika propela ileile, kwa njia ya injini, kwa hiyo kuvuta breki ya mkono na kutia gia kwenye gari hilo likiinuliwa gurudumu moja la nyuma ni kutia kufuli mbili kwenye mlango mmoja na kuacha dirisha wazi. Kinachosaidia ni kuishirikisha ekseli ya mbele. Kwenye 110 na Defender, ambazo zina difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, funga difu hiyo kwa mkono wake kabla ya kuinua, na usisadiki kwamba imefunga hadi taa yake iwake kwenye dashibodi, maana mara nyingi mkono hukubali kusogea lakini meno hayajaingia mpaka gari lisogezwe kidogo. Kwenye 109 ya Series, ambayo haina difu ya kati, tia gia ya magurudumu manne, na kama magurudumu ya mbele yana vitovu vya kufunga kwa mkono, vifunge pia, kwani vikiachwa wazi propela ya mbele haina mawasiliano yoyote na tairi. Ukishafanya hivyo, magurudumu mawili ya mbele yaliyokanyaga ardhi yanazuiwa na dramu ileile ya nyuma, na gari linashika.

Wenye Hilux na Land Cruiser husema kwamba hayo hayawahusu. Ni kweli kwamba nyingi za magari hayo ya miaka ya 1980 na 1990 zina breki ya mkono kwenye dramu za nyuma, kila gurudumu na yake, na kwamba ukiinua gurudumu moja, lile la pili linaweza kulishikilia gari. Hata hivyo, nazungumzia magari yenye umri wa miaka thelathini na zaidi. Nikifungua dramu zake, mara nyingi nakuta upande mmoja mafuta ya difu yamevuja kwenye sili ya ekseli na kulowanisha viatu vya breki, au kebo imelegea kiasi kwamba upande mmoja pekee ndio unaofanya kazi. Breki kama hiyo humdanganya dereva, kwa sababu akiegesha mlimani gari linasimama vizuri kabisa, likibebwa na upande mmoja ulio mzima. Pancha ikitokea upande huohuo mzima, atainua gurudumu pekee lililokuwa linamshikilia. Tena, ukiinua ekseli yote ya nyuma, breki ya mkono haina tena la kushika, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayana breki hiyo hata kidogo.

Kibanda nacho huongeza hatari. Uzito wake, maji, vitanda na vyombo huwa juu sana na nyuma sana, mara nyingi nyuma ya ekseli yenyewe, kwa hiyo gari likianza kusogea linasogea kwa nguvu, na likiinamishwa upande mmoja sehemu ya juu huegemea mbali na jeki. Tangi la maji lililojaa nusu huongeza ubaya, kwa sababu maji hukimbilia upande ulioinama wakati huohuo ambao ungependa uzito utulie.

Dawa yake ni kabari, na hapa sina mzaha na mteja yeyote. Sizungumzii jiwe lililookotwa kando ya barabara, ambalo kwenye changarawe husukumwa na tairi au kurukwa. Nazungumzia vipande vinne vya mninga au mti mwingine mgumu, vilivyochongwa mteremko, vyenye kimo kisichopungua robo ya kimo cha tairi. Kwa tairi la 7.50-16, ambalo lina kimo cha takriban sentimita 80, hiyo ni sentimita 20. Ukiinua nyuma, magurudumu yote mawili ya mbele yapate kabari mbele na nyuma, na zisukumwe mpaka zibane kabla jeki haijaguswa. Seremala yeyote atakuchongea kwa saa chache. Gari lisilo na kabari nne chini ya kiti silitoi getini mwangu, na wapo waliokasirika kwa hilo.

Dhana: jeki ya tani tano inabeba gari la tani tatu, kwa hiyo stendi si lazima.

Tani zilizoandikwa kwenye jeki zinaeleza inachoweza kuinua, wala si inachoweza kushikilia wakati mtu yuko chini yake. Jeki ya chupa husimamisha gari kwa mafuta yaliyofungiwa na sili za mpira, na sili ikichoka jeki hushuka polepole usiku kucha au ghafla kwa mara moja. Wanaoongezea jeki mafuta ya breki kwa sababu ndiyo waliyo nayo kwenye gari huziharibu sili hizo wenyewe, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa mafuta ya aina hiyo. Pandisha kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shusha uzito juu ya stendi, kisha ndipo mtu aingie uvunguni. Tofali la bloku halichukui nafasi ya stendi. Huonekana imara, halafu hupasuka bila kutoa dalili. Ukiwa porini bila stendi, tairi la spea lililolazwa chini ya chesi (fremu ya chuma inayobeba gari) ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini hilo ni la kubadilishia tairi tu, si la kukupa ruhusa ya kuingiza kichwa.

Wapo wanaoweka jeki chini ya chesi au bampa kwa sababu ndipo mikono inapofika. Kwenye pikapu yenye kibanda, ukiinua chesi, springi hurefuka kwanza na gari lote hupanda na kuinama kabla tairi halijaiacha ardhi, na kufikia hapo jeki imekwisha urefu wake. Weka jeki chini ya ekseli, karibu na springi ya upande unaoutengeneza. Chini ya difu, katikati, panafaa kwa jeki ya toroli kwenye sakafu ya saruji, wala si kwa gari refu kwenda juu lililosimama barabarani, kwa maana litayumba upande wowote linaoutaka. Kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa masika, ubao mgumu wenye upana wa kutosha chini ya jeki ndio utakaoamua kama gari litapanda au jeki itazama.

Nati za tairi hulegezwa nusu mzunguko kabla ya kuinua, si baada. Na wageni washuke kibandani, hata kama wamelala na hata kama mvua inanyesha. Sihitaji kueleza zaidi.

Dhana: kibanda ni kizito, kitajishikilia chenyewe.

Uzito hukizuia kibanda kisiruke kwenye barabara ya lami iliyonyooka, basi. Barabara ya kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi Hill ina rafu ambayo hukitikisa kibanda mfululizo kwa saa nzima na zaidi, na kila mtikisiko hukisogeza kidogo. Kamba hazifai kwa kazi hii. Ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, ya nailoni hunyumbuka, na mikanda ya kukaza huchoshwa na jua hadi ikakatika. Funga kibanda kwa bolti zinazopita hadi kwenye chesi, si kwenye bati la bodi, kwa sababu bati la pikapu ya miaka hiyo mara nyingi limeshaliwa mahali usipopaona na bolti hung’oka na kipande chake. Weka mpira mzito kati ya kibanda na bodi ili visisagane. Kama fremu ya kibanda ni ya mbao, ichome kwa bisibisi kwenye kona za chini kabla ya kukaza chochote, kwani maji hukusanyika hapo, na bolti iliyokazwa kwenye mbao iliyooza haijashika kitu.

Hesabu pia uzito wote kabla hujalaumu springi. Defender 110 ya kawaida imeruhusiwa kufikia kilo 3,050 pamoja na abiria na mizigo, na madumu manne ya maji ya lita 20 tayari ni kilo 80, kabla ya kugusa mafuta, chakula na hema la juu.

Baada ya kilomita 50 za kwanza za barabara ya vumbi, simama mahali tambarare, pitisha spana kwenye kila nati ya kibanda na za tairi lililobadilishwa, na zirudie tena jioni mkifika kambini. Nati mpya hulegea siku ya kwanza kuliko siku nyingine zote, kwa sababu mpira na rangi vilivyo chini yake bado vinajibana.