Kayongo haiamshwi na mvua peke yake

Huku Kisumu na Siaya utaskia watu wakisema kayongo, ile magugu ya maua ya zambarau kwa shamba la mahindi, inaletwa na mvua. Hapana jamani, mvua inaitayarisha tu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinaweza lala kwa udongo zaidi ya miaka 10, zinangoja mzizi wa mahindi ama mtama utoe kemikali flani ndio ziamke, zimee, zishike huo mzizi na kuanza kunyonya hata kabla uone kitu juu. Yaani mbegu inajua jirani amefika! Ndio maana ukipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaolishwa mifugo, katikati ya mahindi inasaidia sana, mizizi yake inaziamsha halafu inazizuia kushika mahindi, zinakufa njaa.