Uso Usiofunikwa: Riwaya Mbili za Tuzo Mbele ya Wasomaji wa Kirumba

Mwaka 2016, tuzo mbili kubwa za riwaya za kisayansi na fantasia zilipishana. Nebula, ambayo kura zake hupigwa na waandishi wenyewe, ilikwenda kwa Uprooted ya Naomi Novik. Hugo, inayoamuliwa na wanachama wa kongamano la kimataifa la mashabiki, ilimwendea N. K. Jemisin kwa The Fifth Season. Riwaya zote mbili zilikuwa zimeteuliwa kote kuwili.

Nikazipeleka kwenye kikundi chetu cha usomaji hapa Kirumba, jijini Mwanza. Mimi ni mkutubi. Husoma sura kwa Kiingereza, kisha nikaisimulia kwa Kiswahili.

Uprooted haikutuchukua muda. Msichana huchukuliwa na mchawi kila baada ya miaka kumi, na kuna msitu unaomeza watu. Mzee mmoja wa Ukerewe aliipa kura kabla sijamaliza.

Kwa Jemisin ndipo mabishano yalipozuka. Sehemu ya riwaya inamsemesha mama mmoja kwa nafsi ya pili, na wapo wasomaji wanaokerwa na mtindo huo. Nilipousimulia, kile kiambishi u- kiliingia katika kila kitenzi: umerudi, umemkuta mwanao amekufa, umemfunika. Msikilizaji hana pa kujificha. Mama huyo anamfunika mtoto blanketi, lakini uso anauacha wazi, kwa kuwa mtoto alikuwa akiogopa giza.

“Hapana, dada,” akasema mama mmoja, muuguzi. “Marehemu hufunikwa mpaka uso.”

“Kwake bado si marehemu, mama,” akajibu kijana wa chuo.

Tukanyamaza. Nje wanawake walikuwa wanageuza dagaa juani.

Tulipiga kura kwa utaratibu wa Hugo: unapanga vitabu kwa namba, kinachoshika mkia kinaondolewa, na kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Ipo pia nafasi ya kusema tuzo isitolewe; mwaka 2015 nafasi hiyo ilishinda katika vipengele vitano. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unampa msomaji nafasi ya kusema pia asichokikubali, na kwa kiasi gani.

Jemisin alishinda kwa kura 6 dhidi ya 5. Yule muuguzi alimweka wa mwisho, chini hata ya “tuzo isitolewe”. Siku ya Jumanne alikuja maktaba kukiazima kitabu. Alitaka kujua mtoto yule alizikwa na nani.