Blashi iliyokolea si adui wa ngozi nyeusi

Wengi huamini kwamba mwenye ngozi nyeusi akitaka mashavu yenye mwonekano wa asili achague blashi (rangi ya mashavu) ya krimu yenye rangi iliyofifia: waridi hafifu au pichi. Ukweli ni kinyume chake. Rangi hizo hupatikana kwa kuchanganya weupe, mara nyingi titaniamu dioksaidi, na weupe huo juu ya ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia inayoipa ngozi weusi, huacha ukijivu, shavu linapauka. Kinachokaribia wekundu wa damu inayopanda usoni ni rangi iliyokolea: zambarau ya zabibu, nyekundu ya tofali, hata chungwa kali linalotisha likiwa koponi. Usiihukumu humo. Paka kidogo shavuni, itandaze, kisha jitazame karibu na dirisha.

Kinachoharibu ni kiasi. Chota kwa ncha ya kidole cha pete, igongegonge kwanza mgongoni mwa mkono mpaka ilainike, ndipo uihamishie juu ya mfupa wa shavu ukipandisha kuelekea sikioni. Usisugue, utaondoa fandesheni, ile rangi ya msingi iliyopakwa uso mzima. Poda ije baadaye, maana krimu juu ya poda hufanya mabaka. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, usikose kupaka poda hiyo, hata ikiwa kidogo. Jasho huiteremsha krimu upesi.