Barakoa ya Kulalia: Vicheko Vina Nafasi Yake, Dhana Potofu Hazina

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, kukoroma ni jambo la kutaniana. Mzee akikoroma mpaka mabati yakaitikia, wajukuu hucheka, na mgeni aliyelala chumba cha pili husema asubuhi kwamba mwenyeji wake ndiye aliyelala vizuri kuliko wote. Daktari anapomwandikia mzee huyo mashine ya kusukuma hewa ili pumzi isikatike usingizini, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunga kwa mikanda, vicheko huzidi, na pamoja navyo huzuka maelezo mengi yasiyo na ukweli. Mtu mzima aliyefungwa mikanda kichwani na mpira puani anachekesha kweli, wala hakuna ubaya kumcheka kwa upendo. Ubaya uko katika yale maelezo, maana mara nyingi ndiyo yanayoifungia mashine kabatini kabla haijafanya kazi yake.

Dhana: Anayekoroma kwa nguvu amelala fofofo.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na kwa wengine hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa kuwa tukio moja la kukatika kwa pumzi. Oksijeni inapopungua mwilini, ubongo humgutusha aliyelala kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba asubuhi hakumbuki lolote. Koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, kisha hulegea tena. Matukio ya kuziba na kubanwa kwa pumzi yakiwa 5 hadi 14 kwa saa, hali huhesabiwa kuwa nyepesi. 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 au zaidi ni kali, yaani pumzi hutatizika angalau mara moja katika kila dakika mbili, usiku kucha. Kwa hiyo baba anayesinzia barazani saa nne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi, huenda si mvivu hata kidogo. Tatizo hili huambatana na shinikizo la juu la damu na kiharusi, na huongeza hatari ya ajali barabarani, jambo ambalo dereva wa lori la korosho angepaswa kulijua kabla ya msimu kuanza. Si kila akoromaye ana tatizo hili, lakini kimya cha ghafla kinachofuatwa na mkupuo wa pumzi ni dalili ya kupelekwa hospitali, na shahidi bora wa dalili hiyo ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Wapo pia wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume wanene. Unene huongeza hatari, ni kweli, lakini wembamba nao huupata, wanawake huupata, hasa baada ya kukoma hedhi, na watoto wenye mafindofindo makubwa pia, ingawa kwao mara nyingi upasuaji hufikiriwa kabla ya barakoa.

Dhana: Mashine ina gesi ndani, na umeme ukikatika mgonjwa atakosa pumzi.

Katika mikoa yenye gesi ya Songosongo na Mnazi Bay haishangazi jirani akiuona mpira akauliza mtungi umewekwa wapi. Hakuna mtungi. Mashine huvuta hewa ileile ya chumbani, huichuja, kisha huisukuma kwa shinikizo linalopangwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji (kipimo cha shinikizo la hewa), ili koo lisizibe. Haimpumulii mtu, anapumua mwenyewe. Tiba hii ilielezwa kitabibu mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Umeme ukikatika, barakoa za kufunika pua na mdomo huwa na vali inayofunguka ili hewa ya nje iingie, na mwenye barakoa ya pua hupumua kwa mdomo au huivua. Linalorudi ni kukoroma na kukatika kwa pumzi kama zamani. Mashine nyingi zinaweza pia kutumia betri, mradi kifaa cha kuunganishia kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Dhana: Usiku wa kwanza ukiwa mbaya, basi mashine imekukataa.

Hapa ndipo vichekesho vyenyewe vilipo. Mtoto aliyezoea kumkimbia lipiko, yule mchezaji wa Kimakonde mwenye kinyago, ngomani anamkuta babu yake gizani na sura ileile, ila huyu anatoa upepo. Mwenye barakoa ya pua akifungua mdomo ili amjibu mkewe, hewa yote humtoka mdomoni kwa kishindo, na mazungumzo huishia hapo. Wengine humeza hewa, wakaamka tumbo limejaa, wakashinda asubuhi wakicheua na kutoa upepo kwa namna isiyofaa kusimuliwa msikitini. Wengine huivua barakoa usingizini bila kujua, wakaitafuta alfajiri chini ya kitanda.

Karibu kila moja ya kero hizi ina dawa. Anayemeza hewa amweleze daktari, kwani shinikizo linaweza kurekebishwa. Anayebanwa na woga aivae barakoa mchana akiwa macho, akitazama taarifa ya habari, mpaka uso uizoee. Mwenye ndevu nyingi, ambazo huvujisha hewa pembeni, anaweza kufaidika na ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua. Hewa ikivuja, wengi hukaza mikanda mpaka mashavu yanabaki na michirizi hadi adhuhuri, kumbe kukaza kupita kiasi mara nyingi huzidisha uvujaji. Pengine kinachotakiwa ni saizi nyingine.

Dhana: Kikombe cha uraka, pombe ya mabibo, kabla ya kulala kitamaliza tatizo.

Katika msimu wa mabibo ushauri huu hutolewa bure na kwa wingi. Pombe huleta usingizi haraka, lakini hulegeza zaidi misuli ya koo, hivyo pumzi hukatika mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nipa, iliyo kali kuliko uraka, ndiyo mbaya zaidi.

Dhana: Barakoa na chandarua haviwezi kukaa kitanda kimoja.

Vinakaa. Mashine huwekwa nje ya chandarua, mahali pasipo na vumbi, na mpira hupitishwa chini ya pindo upande wa kichwani, kisha pindo huchomekwa vizuri chini ya godoro. Mpira uwe na ulegevu wa kutosha kumruhusu mtu ageuke, la sivyo ataburuta mashine, barakoa na chandarua kwa pamoja.