Sikuri hawajatoka toni

Swali limerudi tena: "Mbona hii rekodi ya Peru imetoka toni? Hakuna programu ya kuinyoosha?" Programu zipo. Tafadhali usizitumie. Hicho unachokiita kasoro ndicho kilichowakusanya sikuri, yaani wapigaji wa ala iitwayo siku, na ukikiondoa unabakiwa na sauti ya kinanda.

Siku ni filimbi ya safu ya matete yaliyozibwa chini. Waaymara na Waquechua wa pande za Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, huigawa nusu mbili: ira, kwa kawaida matete 6, na arca, matete 7. Noti zinapishana, moja huku, inayofuata kule, kwa hiyo hakuna anayepiga wimbo mzima peke yake. Wa ira akipuliza, wa arca anavuta pumzi, kisha wanapokezana. Aliyewahi kuona wapigaji wawili wa amadinda, ile marimba ya mbao, kule Buganda wakiingiliana pigo kwa pigo atalielewa hili mara moja. Kisha kuna ukubwa: malta ni ya kati, zanka oktava moja chini yake, chuli oktava moja juu yake.

Sasa hiyo toni. Chukua matete mawili ya malta yanayopaswa kutoa noti ileile: moja linatoa hezi 440, la pili 446. Hiyo ni kama robo ya nusu-toni, na kwenye tete la takriban sentimita 19 inaletwa na milimita 2 au 3 za urefu. Yakilia pamoja, sauti inavimba na kunywea mara 6 kwa sekunde. Ongeza wapulizaji hadi wafike 20, kila mmoja na tofauti yake ndogo. Mawimbi yanapishana mpaka sikio linashindwa kuyahesabu, linasikia kitu kimoja kinene, kipana, kinachotetemeka. Thomas Turino, aliyefanya utafiti Conima katika mkoa wa Puno, ameeleza kwamba wapigaji wa huko huutaka unene huo, na hawapendi mtu mmoja asikike juu ya wenzake. Wanataka kundi lilie kama ala moja. Ndiyo, mtu anaweza kukosea kweli, na wenzake humsikia. Kwa rekodi peke yake, mpaka kati ya kosa na unene ni mgumu kuuchora, na mimi sijifanyi kuuona kila mara.

Tarka inaonewa zaidi. Ni filimbi ya mbao yenye matundu 6, hupigwa majira ya mvua hadi Karnivali, na hupulizwa kwa nguvu mpaka sauti ipasuke, usikie noti na oktava yake kwa pamoja. Kwa Kiaymara sauti hiyo yenye mkwaruzo huitwa tara, ndiyo nzuri. Ile nyembamba, safi, ambayo sikio lililolelewa na redio lingeipenda, ni q'iwa.

Tatizo linaanzia kwenye kile tulichosikia kwanza: vikundi vidogo vya mjini, mtu mmoja ameshika nusu zote mbili za siku, ametyuni afuate gitaa, na mwangwi umemwagwa juu. Ni muziki halali, lakini usiufanye rula ya kupimia kijiji.

Kusikiliza kwenyewe: vaa hedifoni. Zima kipunguza kelele, maana pumzi ya mpulizaji ni kelele kwa mashine, na mashine itaila. Faili iliyobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde huigeuza pumzi hiyo kuwa mlio wa maji. Tafuta 320, au isiyobanwa kabisa. Mara ya kwanza fuata bombo tu, ile ngoma kubwa. Kwenye huayno, wimbo wa dansi wa Andes, ule mwendo wa pigo moja refu na mawili mafupi unadanganya, nami bado hulikosa pigo la kwanza hadi ngoma iingie. Mara ya pili tafuta maungio: kwenye stereo iliyorekodiwa karibu, noti zinaruka kutoka sikio hili hadi lile. Usikimbilie mbele kwa sababu wimbo unajirudia. Sehemu zake hupigwa mbilimbili, halafu wote unaanza upya, mara nyingi sana. Sauti ikififia mwishoni, aliyefifia ni mrekodi. Subiri mzunguko wa nne au wa tano, wakati pumzi za kundi zimeshalingana, ndipo uongeze sauti.